Nangoja Siku Nzuri za Mzee, na Mchumba Wangu Anaondoka

Mpendwa Bi Mashavu,

Shikamoo. Naomba msaada wako, mama, na ukiona barua hii imekuwa ndefu unisamehe, ninaiandika nikiwa ndani ya gari hapa kando ya bahari ya Jeddah, injini inanguruma polepole na kiyoyozi kinapuliza, nje kuna joto lile la unyevu linalofanya jua lionekane kama limefungwa ndani ya pamba, na mbele yangu, karibu na maji, mzee wangu wa kazi ameketi juu ya zulia lake akitazama bahari, na mimi namtazama yeye, nangoja kuona kama leo atageuka aniite. Hilo ndilo tatizo langu lote, mama. Nangoja kuitwa.

Rafiki yangu Hezron, ambaye ni mlinzi wa lango pale kwa mzee, ndiye aliyenisomea safu yako kwenye simu, akasema wewe ni mtu wa Unguja uliyekulia papa hapa Jeddah, mtaa wa Ruwais, na kwamba humpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Basi nikasema huyu ndiye atanielewa, kwa sababu anawajua watu wa hapa na anatujua na sisi.

Mimi naitwa Danson, Mkenya wa Mwala, Ukambani, kazi yangu dereva. Nilikuja wakati ule vijana wengi wa kwetu walikuwa wanabebwa na maajenti kuja Saudia, na mimi nikabahatika, kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, Faisal, ni mtu mwema, nilimfanyia kazi Riyadh nikipeleka watoto wake shule na mkewe sokoni, na nyumba ya jirani, ukuta mmoja tu katikati, alikuwepo msichana wa Vihiga anayeitwa Mourine, analea watoto, na tulianza kuongea tukipeleka takataka kwenye pipa la barabarani, neno moja leo, neno moja kesho, yeye ni mtu anayecheka kwanza ndipo anasema, hata ukiwa hujamwambia kitu cha kuchekesha, na mimi nikawa nabeba mfuko wa takataka ambao haujajaa ili nimpate. Wazazi wetu wameshaonana kule nyumbani, posa imepokelewa, tukakubaliana kwamba kandarasi zetu zikiisha tutarudi pamoja tufunge ndoa.

Halafu Faisal akanihamishia huku Jeddah nimwendeshe baba yake, mzee mjane anayekaa peke yake kwenye nyumba kubwa Al-Hamra, maana dereva wake wa zamani alikuwa amerudi kwao India. Nikamwambia Mourine ni kwa muda mfupi tu. Ule muda mfupi bado haujaisha.

Mzee ni mrefu, mkavu, anatembea kwa mkongojo, na kwa siku za kwanza sikujua hata sauti yake ikoje, kwa sababu kila asubuhi alikuwa anaingia kiti cha nyuma, anasema "Yalla," yaani twende, ananyoosha mkongojo upande anaotaka twende, basi. Ukimsalimia anaitikia kwa pua. Kila jioni tunakuja hapa baharini, yeye anatandika zulia na chupa yake ya kahawa, mimi nabaki garini. Sikujali, mama. Kazi ni kazi.

Sasa siku moja nikiwa nimefumba macho kidogo nikasikia kioo kinagongwa, nikashtuka nikidhani nimekosa, kumbe mzee amesimama pale, na uso wake umefunguka kama dirisha, akaniambia, "Taal, ya weledi," yaani njoo, mwanangu. Akaniketisha kwenye zulia lake. Akanimiminia kahawa ile yao ya iliki kwenye kikombe kidogo kama ganda la yai, akanipa tende, akaniuliza, "Kwenu mvua hunyesha vipi?"

Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, "Baba, kwetu mvua inanuka kwanza. Unainusa kabla haijafika. Halafu unaisikia ikija juu ya mabati ya jirani, halafu mabati ya jirani mwingine, halafu yako."

Mzee akafumba macho. Akasema, "Sema tena."

Nikasema tena. Bahari ilikuwa imetulia kama maziwa ndani ya sufuria, meli iko mbali haijulikani inaenda au inarudi, na mimi nikahisi kitu ambacho sijakihisi tangu nizaliwe, kwa sababu baba yangu mzazi alikufa nikiwa darasa la sita na sikumbuki hata siku moja aliyoniita kwa jina bila kuwa ananituma. Nililala usiku huo kama mtoto aliyeogeshwa.

Kesho yake nikamsalimia kwa furaha, "Sabah al-kheir, baba!" Akaingia kiti cha nyuma. "Yalla." Mkongojo.

Na ikawa hivyo wiki baada ya wiki, mpaka nikaanza kudhani niliota, ndipo siku nyingine akagonga tena kioo, akanipa kilemba chake mwenyewe, kile cha mistari myekundu, akanifunga kichwani kwa mikono yake na kucheka mpaka akakohoa. Halafu kimya tena. Halafu siku nyingine tena. Mama, hakuna mpango. Huwezi kujua. Kuna wakati siku mbili zinafuatana, na kuna wakati mwezi mzima unapita nikiona kisogo tu.

Basi nikaanza kutafuta nilichofanya siku zile nzuri. Nikakumbuka mara ya kwanza nilikuwa nimevaa shati la buluu. Mara ya pili pia, nafikiri. Nikawa nalivaa hilo, nalifua jioni na kulianika liwe tayari asubuhi. Nikakumbuka nilikuwa nimeingia kwa lango dogo, basi nikaacha kutumia lango kubwa. Tasbihi yake inayoning'inia kwenye kioo cha gari nikawa naielekeza upande wa kulia. Na mimi ni mtoto wa kanisa, mama, mama yangu ni mzee wa kanisa kule Mwala, sijawahi kukanyaga kwa mganga.

Hezron aliniona nikirudi mbio chumbani kubadilisha shati akanicheka, "Wee Danson, hiyo ni uniform ya nini?"

Nikamwambia ukweli. Akaacha kucheka. Akasema, "Ndugu yangu, mimi nimekaa kwa lango hili kabla yako. Hizo siku unazosema ni siku magoti ya mzee hayamuumi. Akiamka magoti mazuri anampa kila mtu tende. Mimi ananipa. Fundi wa maji anapewa. Hata paka."

Nilikasirika, Bi Mashavu. Nilimnyamazia rafiki yangu mpaka Ijumaa, siku tunayokutana na vijana wengine wa kwetu kwenye chumba kimoja Bani Malik kupika chapati na kuomba kwa sauti ya chini, na hata huko nilikaa mbali naye. Na kesho yake nikavaa shati la buluu.

Kuhusu Mourine, mimi nampenda, usinifikirie vibaya. Ni kwamba nikiwa katika zile wiki za kimya moyo wangu unakuwa mzito, sina la kusema, simu yake naiangalia inalia mpaka inaacha, lakini mzee akiniita tu siku hiyo nampigia Mourine tunaongea mpaka simu inachoma sikio, namwambia habari za nyumba tutakayojenga, madirisha yatazame wapi, na yeye anafurahi sana, ananiambia, "Danson, leo umerudi." Halafu nikinyamaza tena yeye hanisumbui, anangoja tu. Ni mvumilivu sana.

Sasa sikiliza kilichotokea. Shule zilipofungwa, familia anayofanyia kazi Mourine ilikuja Jeddah kupumzika, na madam wake akampa jioni moja ya kukaa na watoto kwenye nyasi za kando ya bahari huku yeye na dada zake wako mkahawani. Tukapanga. Ningeegesha gari karibu, yeye angekaa na watoto, mimi ningesimama kama dereva anayengoja watu wake, na tungeongea bila kutazamana, si unajua mambo ya hapa, lakini tungekuwa pamoja, hewa moja. Nilimwomba mzee ruhusa siku mbili kabla, akaitikia kwa pua. Nikapiga pasi shati jeupe alilonitumia Mourine wakati wa Krismasi. Nikajipaka mafuta. Nikatoka.

Mzee alikuwa amesimama kando ya gari, na uso wake umefunguka. Akasema, "Leo keti nami kiti cha mbele, ya weledi. Twende mbali, twende Obhur, nikuonyeshe mahali nilipokuwa nikiogelea nikiwa kijana."

Ningesema, mama. Ningesema, "Baba, leo nimekuomba ruhusa." Angekubali, yeye si mtu mbaya. Lakini mdomo wangu ulikataa. Nikaona kama nikisema neno moja ule uso utafungika na sitauona tena. Nikaifunika simu kifudifudi nikashika usukani.

Na ilikuwa siku nzuri kuliko zote, hiyo ndiyo inayoniumiza. Maji ya Obhur yalikuwa rangi ya chupa, unaona mpaka chini, mzee akaingiza miguu yake majini, akanishika bega asianguke, akanihadithia jinsi baba yake alivyokuwa akiuza maji mitaani kwa punda zamani, punda mmoja mweupe aliyejua nyumba za wateja kuliko mwenyewe, na mimi nilikuwa kama mtu aliye ndani ya ndoto, anajua kabisa ni ndoto, anajua kuna mtu mahali fulani anamwita aamke, na anasema ngoja kidogo, ngoja kidogo tu.

Tuliporudi na mzee ameshaingia ndani, nikajiangalia kwenye kioo cha gari. Nilikuwa na shati jeupe. Nilikuwa nimetokea lango kubwa. Tasbihi ilikuwa imegeukia kushoto.

Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa sauti wa Mourine, na hakuanza kwa kucheka. Alisema, "Danson, nimengoja mpaka watoto wamechoka kuchezea mchanga. Sikasiriki. Kandarasi yangu imeisha, tiketi iko tayari, baada tu ya Haji narudi nyumbani. Kama unakuja, njoo. Kama huji, sema huji. Lakini usiniambie 'tutaona.' Nimechoka kuona."

Kandarasi yangu pia imeisha, mama, tena zamani. Faisal mwenyewe alinipigia akasema, "Danson, ukitaka kwenda nyumbani mwambie baba tu, karatasi za kutoka nitakufanyia mimi." Hakuna aliyenifungia. Pasi yangu ninayo. Lakini kila nikifikiri kumuaga mzee naona labda kesho ndiyo itakuwa ile siku, na nikiondoka leo nitaikosa. Sijamjibu Mourine. Nimerogwa? Mzee ananipenda au hanipendi? Nifanye nini? Tafadhali nijibu haraka, ameanza kukunja zulia, naona anageuka huku.

Ni mimi Danson, Al-Hamra, Jeddah.

*

Bi Mashavu anajibu:

Marahaba, Danson mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikatafuta kandambili yangu nikupige nayo.

Hujarogwa. Tuanze hapo, ili usije ukatoa nauli yako ukampa mtu mwenye hirizi. Na mzee wako hana hila, masikini ya Mungu, ana magoti. Hezron kakwambia kweli nawe ukamnunia. Kesho asubuhi kabla hujafungua gari, nenda pale langoni ukamtake radhi.

Lililokupata lina maelezo yake. Mimi nilisomesha watoto wadogo hapa Ruwais, chumbani kwangu, na nilikuwa na mkebe wa kashata. Mwanzo nilimpa kashata kila mtoto aliyejibu vizuri. Watoto wakajifunza mbio, lakini kashata zilipokwisha, siku ya pili wakanuna, siku ya tatu hakuna aliyenyoosha mkono. Mwaka mwingine nikawapa kwa bahati tu, leo ipo, kesho hapana, keshokutwa nampa mmoja na kumwacha mwenziwe. Wallahi, kashata zilikwisha na watoto wale wakaendelea kunyoosha mikono miezi, macho kwenye mkebe mtupu. Alikuwepo msichana mmoja, Muna, ambaye kila siku lazima akae pembeni mwa kabati, ukimwondosha analia. Nikamuuliza, "Muna, kuna nini hapo?" Akanambia, "Bibi, hapa ndipo nilipopata kashata." Kabati halikutoa kashata, mwanangu. Niliyetoa ni mimi, tena nilitoa bila ya kutazama nani kakaa wapi. Shati lako la buluu ni kabati la Muna.

Watu wanaosoma elimu ya nafsi wamelijaribu jambo hili kwa ndege, kwa panya na kwa binaadamu, wakaona ni hivyo hivyo. Tunzo ya kila mara hufundisha upesi na ikikatika husahauliwa upesi. Tunzo isiyojulikana itakuja lini ndiyo inayofunga fundo, kwa kuwa aliyeizoea hawezi kujua kama imekwisha au imechelewa tu. Mzee angekuwa mkali kila siku, ungekuwa ushaondoka. Angekunywa kahawa nawe kila jioni, ungemzoea, na ungemuaga kwa mapenzi. Huku kuchanganya ndiko kulikokukamata, na yeye hajui kama amekukamata.

Nina barua hapa za wasichana ambao pasi zao zimefichwa na milango yao imefungwa kwa ufunguo, wanalia kutoka. Wewe mlango uko wazi umekaa kizingitini unanusa iliki! Haya, nimeshakukaripia kwa hilo.

Kwa kuwa tarehe ya Mourine iko karibu na gazeti halina haraka, nilimwomba mhariri nambari yako nikakupigia. Wasomaji wetu hawakusikia, basi nawaelezea. Nilikuuliza, "Umeshamwambia mzee?" Ukanijibu, "Bado, mama." Nikakuuliza unangoja nini. Ukanambia, na hapa ndipo nilipotaka kuanguka kitini, "Nangoja siku nzuri ndiyo nimwambie."

Nikakuamrisha umwambie asubuhi ile ile, awe ameamka na magoti au hana magoti. Nawe ulinisikia, nakupa haki yako. Ulinipigia jioni. Ulimwambia mzee, "Baba, nataka kurudi kwetu kuoa," akakutazama kidogo, akasema "Tayyib," sawa, kisha "Yalla," na bakora ikanyooka. Basi. Ukalalamika kwangu, "Mama, hakusema hata neno."

Alisema, Danson. Alisema sawa. Umepewa ulichokiomba, na siku ya pili Faisal kaanza kushughulikia karatasi zako. Ulichokikosa ni kile usichokiomba, kwamba akulilie, akwambie wewe ni mwanawe, akuzuie. Baba hukumpata kwenu, na hilo linauma, nami sikufanyii mzaha. Lakini huyu ni mzee anayetamani kusikia mvua, akapata kijana anayejua kuisimulia. Kilichopita baina yenu ni kizuri, kiweke moyoni, wala usikitafutie jina kubwa kuliko hilo.

Sasa sikiliza ya mbele. Mazoea yakinyimwa chakula hayafi kimya kimya, hupiga mateke kwanza. Wiki hizi zilizobaki tamaa yako itapanda, utajikuta unalitafuta shati, unakawia pale langoni, unatunga sababu ya kuahirisha tiketi. Ukiona hivyo usidhani ni mapenzi yanakwita. Ni kitu kinachokufa kinarusha miguu. Shati hilo mpe mtu. Tasbihi ya mwenyewe iache inavyoning'inia. Na mzee akigonga kioo siku moja kabla hujaondoka, maana magoti yatapoa, yatapoa tu, basi shuka, kaa naye, kunywa kahawa yake, msimulie mvua mara kumi akitaka, mshukuru kwa yote na umbusu kichwa kama wanavyofanya watu wa hapa. Kahawa si haramu. Ila tiketi iwe imeshakatwa, na tarehe yake uitaje kwa mdomo wako kabla kikombe hakijajaa.

Nimelibakisha la Mourine, kwa sababu ndilo lililonitia hasira hasa.

Umeandika karatasi nzima kulalamikia mtu anayekupa uso leo na kisogo kesho, kisha katikati yake, bila ya kujisikia, ukaandika kwamba simu ya mchumba wako unaiangalia inalia mpaka inaacha, halafu siku moja moja unampigia mpaka sikio linaungua na kumjengea nyumba yenye madirisha. Ukamsifu kuwa ni mvumilivu! Alaa! Umemfanyia yeye kile kile ulichofanyiwa wewe, na mzee ana udhuru wa maradhi, wewe udhuru wako nini? Yule binti huko Riyadh naye amekuwa akijiuliza amesema nini siku ile nzuri, alicheka vipi, alinyamaza vipi, ili Danson "arudi." Tafauti yenu ni moja, yeye ameshtuka. Kanunua tiketi. Angekuwa mwanangu ningemwambia aondoke na asigeuke nyuma, na huenda nyumbani kwao wapo wanaomwambia hivyo hivi sasa.

Kwa hiyo usimwendee na siku kubwa. Najua unachokipanga, unataka kumpelekea dhahabu, manukato na maneno ya kumtoa machozi, apate siku moja ya sherehe isahaulishe miezi. Hiyo ndiyo kashata nyingine. Usimpe. Mwambie kwanza ulichokifanya siku ya Obhur, ukiite kwa jina lake, hukukwama njiani, hukuzuiwa, uliona mlango wa furaha yako umefunguka ukamwacha yeye juani. Mwambie karatasi zako zinatengenezwa na tarehe ni ipi. Akisema hakutaki tena, itikia, usibishane, umemchosha mwenyewe. Akisema atafikiri, mwache afikiri, na asilipwe kwa kukujibu wala asiadhibiwe kwa kunyamaza.

Na ukishasema hayo, anza kazi, maana kazi yako ndiyo hiyo na ni ngumu kuliko kuendesha gari Jeddah. Mpigie kila siku. Mpigie siku uliyofurahi na siku uliyonuna, siku mzee amekuita na siku amekugeuzia kisogo, dakika chache tu, umuulize amekula nini, watoto wamelala, joto la huko likoje. Usipambe. Atashangaa mwanzo, atakuuliza, "Danson, kuna nini?" Mwambie hakuna kitu, nimepiga tu. Na kesho, saa ile ile, piga tena.